Kifuniko cha Upande wa Kushoto

“Shemeji, hivi mimi na mumeo tumegombana lini?”

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimuuliza Mama Breki swali hilo asubuhi moja, pini mbili zimebanwa midomoni, naye akacheka, kwa kuwa fundi yule na utani walikuwa chanda na pete. Lakini fundi hakucheka. Alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye ukosi wa shati alilokuwa akilishona, akasema:

“Sitanii. Kila jioni akirudi kazini mimi nipo hapa hapa barazani. Namsalimu, ananipita kama nguzo ya simu. Halafu juzi nilivuka barabara kwenda kununua vifungo pale ng’ambo. Akaniona tangu mbali, akanyanyua mkono, ‘Fundi wangu, habari za mkasi?’ Sasa najiuliza, ananichukia mimi au anakichukia kiti changu?”

“Labda alikuwa na mawazo, shemeji.”

“Mawazo ya upande mmoja?”

Mama Breki akachukua ndoo yake akaenda zake. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki, hata ukimeza tonge bado unakwaruza. Maana mtu akirudi nyumbani kwa njia ile, baraza la fundi huwa kushoto, na duka la vifungo huwa kulia.

Mumewe alikuwa dereva wa basi la shule. Jina la Breki walimpa watoto wa darasa la kwanza miaka mingi nyuma, kwa sababu kila aliposimama alisimama polepole, hakuna aliyeyumba, hakuna aliyemwaga maji ya chupa yake. Wale waliompa jina sasa walikuwa wazazi, nao wakampandishia watoto wao. Miaka thelathini na mmoja, hajamkwaruza hata kuku. Ilikuwa imebaki miezi saba astaafu, na mwalimu mkuu alikwisha kusema kwamba siku hiyo shule nzima itasimama mistarini kumuaga.

Mama Breki alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Hakwenda nyumbani kumkabili mumewe na swali la jirani. Alimwomba Mungu ampe macho ya kuona na mdomo wa kungoja, kisha akaanza kutazama.

Siku ya kwanza aliweka kikombe cha chai kushoto mwa sahani badala ya kulia. Breki alikigonga kwa mgongo wa mkono, chai ikatambaa mezani. “Nani ameleta kikombe huku?” akauliza, kama mtu aliyehamishiwa nyumba. Siku ya pili aliacha kigoda upande wa kushoto wa mlango, naye akakipiga teke, akakisonya kigoda. Siku ya tatu mama hakuweka kitu. Alikaa tu akamtazama anavyogeuza shingo nzima kusikiliza redio, kama kuku aliyesikia kishindo cha mwewe. Akajiuliza ni lini mumewe alianza kugeuka hivyo, asikumbuke, maana mambo ya namna hiyo huingia nyumbani kama vumbi.

Ilipofika Alhamisi, Breki alirudi na kisa. Akakisimulia akila, tena kwa kicheko.

“Yule mama wa basi anayeangalia watoto siku hizi ana wasiwasi, sijui anaota nini. Leo nimeshusha watoto pale kwenye kona, naona wote wamekwisha kuvuka, naondoa gari. Mara paa! paa! paa! anapiga bodi kama anafukuza majambazi. Nakanyaga breki. Kumbe kuna katoto kameangusha penseli, kameinama kuiokota.”

“Kameinama wapi?”

“Si hapo chini, karibu na tairi.”

“Tairi gani, baba watoto?”

Breki akameza. “La mbele. La kushoto. Lakini hakakuguswa, mbona unaniangalia hivyo? Mimi ndiye Breki au siye?”

Mama akainamisha macho kwenye bakuli. Mlango wa basi lile ulikuwa kushoto. Watoto arobaini na wawili walipanda kwa kushoto na kushuka kwa kushoto, na mmoja wao alikuwa mjukuu wao wenyewe, msichana wa miaka minane waliyemwita Kisauti kwa sababu hakujua kunyamaza. Usiku ule alikaa kitandani akamwambia Mungu, nimeona, sasa nifungue mdomo. Mdomo haukufunguka. Ijumaa asubuhi alimuuliza tu kwa upole kama macho yanamsumbua, naye Breki akajibu huku akifunga viatu, “Mwanzo wa mwaka muuguzi wa shule alinipima jicho moja moja, akasema nina macho ya mwewe. Wewe umesomea udaktari lini?” Akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi ilikuwa siku ya darubini.

Watoto wao wakubwa walikuwa wamechanga zawadi ya kustaafu mapema, na Breki alikuwa amekwisha kuitaja miaka kumi iliyopita. Dereva wa shule huamka kabla ya jogoo. Akiwasha gari ili injini ipate moto, husimama uani na kikombe cha chai, na hapo juu kuna nyota peke yake na yeye peke yake. Alizijua bila kufundishwa na mtu. Alijua Kilimia kinapotoka na kinapozama, na kwa macho yake ya ujana alihesabu nyota zake saba. Sasa alitaka darubini ya macho mawili, akae juu ya paa na Kisauti, wahesabu tena, waone kama ni saba kweli au zimejificha nyingine nyuma yake.

“Nikistaafu,” alisema njiani, akimshika mkewe mkono, “barabara nimewaachia wengine. Mimi na mjukuu wangu tuna njia yetu huko juu, haina hata taa nyekundu.”

Mama alitembea kushoto kwake. Alikuwa akitembea kushoto kwake tangu Alhamisi.

Duka lilikuwa la miwani, jembamba, lina kaunta ya kioo na makabati mpaka darini, na nyuma kuna mashine ya kunolea vioo. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, na mikono yake ilikuwa safi kama ya mtu anayekanda unga. Darubini zilipangwa kwenye rafu ya kati, kutoka ndogo ya kutia mfukoni hadi moja kubwa kama mapacha wa chupa.

“Nipe hilo kubwa,” Breki akasema kabla hata hajasalimu.

“Shikamoo kwanza, mzee,” mwenye duka akacheka.

“Marahaba, mwanangu. Nipe hilo kubwa.”

“La kutazamia nini?”

“Nyota.”

“Basi hilo kubwa litakutesa. Hili linakuza mara ishirini. Kila unavyotetemeka wewe kidogo, nyota inatetemeka mara ishirini. Linataka kusimamishwa kwenye miguu yake mitatu.”

“Binti, mimi nimeshika usukani miaka thelathini na mmoja, mkono wangu hautikisiki.”

“Usukani umefungwa kwenye gari, baba. Hili utalifunga kwenye nini?”

Hata Mama Breki akacheka. Mwenye duka alijua kazi yake na aliipenda. Akawaonyesha namba zilizoandikwa kwenye kila darubini: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele, na mtazama nyota hasa anatafuta huo upana, kwa sababu usiku hauhitaji kukuzwa, unahitaji mwanga. Breki akagusa moja yenye vioo vyekundu kama damu. Mwenye duka akaisukuma pembeni. “Hiyo ni ya kuvaliwa shingoni kwenye picha. Wekundu huo unaurudisha mwanga nje, badala ya kuuingiza. Nyota zako zitaugua.” Kisha akainua nyingine, akainyoosha mbele kwa urefu wa mkono kuelekea dirishani, akawaonyesha vimviringo viwili vidogo vya mwanga vikielea kwenye vioo vya nyuma. “Vikiwa duara kamili kama hivi, ni nzuri. Vikiwa na pembe kama vimepunguzwa kwa mkasi, ndani wamebania vioo.”

Wakaishia kwenye moja iliyokuza mara kumi, kioo cha mbele milimita hamsini, nyeusi, imevikwa mpira. Mama akaambiwa ajaribu naye. Akaitazama barabara na ng’ambo ikamrukia usoni: bango la duka la rangi, mtu anayeuza magazeti, mpaka ukucha wake. Lakini upande mmoja wa macho yake ulikuwa mweusi, kama mtu aliyefungiwa dirisha moja.

“Mbona huku giza?” akauliza.

“Samahani, mama, nimesahau kifuniko.” Mwenye duka akakichomoa kile kifuniko cha mpira kwenye kioo cha mbele, na giza likaondoka, duara mbili zikawa moja. Mama akairudisha kauntani.

“Sasa, mzee, tuiweke kwa macho yako,” mwenye duka akasema. “Macho ya mtu hayalingani, ni kama ndugu wa tumbo moja. Tunaanza na la kushoto. Nafunika kulia, wewe unatazama kwa kushoto, unazungusha hili gurudumu la katikati mpaka lile bango la rangi lisomeke. Nenda hapo mlangoni.”

Mama Breki akaacha kutazama rafu, akamgeukia mumewe. Hapakuwa na mtu aliyepanga jambo lile. Ilikuwa kazi ya kila siku ya duka lile, kama fundi anayekupima bega kabla ya kukata kitambaa. Lakini alijua kwamba mumewe ameombwa jambo ambalo hakuna aliyemwomba kwa miaka sijui mingapi.

Breki akasimama mlangoni. Mwenye duka alikuwa amegeuka kutafuta mkoba wa darubini kabatini. Na hapo mama akaona. Mumewe aliiinua darubini, akangoja kidogo, kisha akaisogeza yote kulia, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kushika, mpaka bomba la kushoto likakaa mbele ya jicho la kulia, na lile bomba lingine likachomoza pembeni ya sikio kama pembe ya ng’ombe.

“Rangi haichubuki,” akasoma kwa sauti, “jua liwake, mvua inyeshe.”

“Vizuri kabisa,” mwenye duka akasema, kichwa kimo kabatini.

Mama akajiuliza. Muuguzi wa shule alipimaje? Akamkumbuka Breki siku ile aliporudi na karatasi ya kipimo, akiwaonyesha kwa mbwembwe sebuleni. Aliziba jicho kwa kiganja cha kulia, akabadilisha, akaziba kwa kiganja cha kushoto. Mikono ilibadilika. Jicho lililozibwa halikubadilika.

“Sasa la kulia,” mwenye duka akarudi, akakitoa kifuniko kulia, akakipachika kwenye kioo cha mbele cha kushoto kwa kidole gumba. “Gurudumu usiliguse tena. Zungusha hii pete ya nyuma, hapa.”

Hapo Breki hakuwa na shida. Alisimama wima, akazungusha pete kwa vidole viwili, akatabasamu. Wakati huo huo akaingia mteja, mwalimu mmoja mwenye miwani iliyokatika mkono, ameibana kwa gundi ya karatasi, na mwenye duka akamwendea. “Mzee, ukimaliza toa kifuniko,” akasema akiwa njiani, “utazame ule mnara wa maji kwa macho yote mawili. Hapo ndipo utajua kama ndugu wamepatana.”

Breki hakukitoa. Alikwisha kusogea hatua mbili nje, akainua darubini kwenye mnara wa maji uliokuwa mbali nyuma ya mapaa, na kifuniko kile cheusi kilikuwa kwenye kioo cha kushoto, kimekaa kimya kama jiwe la kaburi. Mtu mwenye macho mawili angeshtuka mara moja. Mama mwenyewe alishtuka robo saa iliyopita. Breki alivuta pumzi ya furaha.

“Lo! Mama watoto, naona mpaka ngazi. Naona kutu kwenye ngazi! Kuna ndege amekaa juu ya bomba.” Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyewahi kumposa. “Hii ndiyo yenyewe. Binti! Usihangaike na nyingine. Tena macho yote mawili yamepatana, picha ni moja, haiachani hata kidogo.”

Mwenye duka akainua kichwa kutoka kwenye miwani ya mwalimu. Akakiona kifuniko. Akafungua mdomo, akamtazama Mama Breki, akaufunga.

Kulikuwa na neno jepesi mno. Baba watoto, hujatoa kifuniko. Angelisema kwa kucheka, naye angecheka, angesema lo, uzee huo, wakaenda nyumbani na darubini yao. Na Jumatatu, kabla ya jogoo, angewasha gari. Mama alisimama na lile neno jepesi ulimini, akalihisi linavyotaka kutoka, akalimeza. Akatoka mlangoni. Aliushika mkono wa kushoto wa mumewe, ule uliokuwa umeshikilia darubini, akavisogeza vidole vyake mbele, polepole, mpaka vikagusa kifuniko.

Breki hakushusha darubini. Vidole vyake vilizunguka ule mpira mara moja, mara mbili, kama anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Tabasamu lilikuwa bado lipo mdomoni, limesahauliwa hapo.

“Nililifumba,” akasema. “Jua lilikuwa linaniumiza, nikalifumba.”

“Jua liko nyuma yetu.”

“Nimesema nililifumba.”

“Ulisema yamepatana.”

Wakaingia ndani, maana watu wanapita. Mwalimu mwenye miwani iliyokatika aliona hapafai, akasema atarudi, akaondoka. Mwenye duka akaenda nyuma kwenye mashine yake, lakini hakuiwasha.

“Usiniaibishe mbele za watu,” Breki akanong’ona.

“Ndiyo maana sikusema mbele za watu. Tangu lini?”

Breki akaiweka darubini kauntani kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

“Lilianza kama ukungu pembeni,” akasema mwishowe. “Nikasema ni vumbi la barabara. Baadaye ukungu ukaja katikati. Kama mwaka na nusu hivi. Sasa naona mwanga tu, usiku na mchana najua tofauti yake, basi. Lakini la kulia ni zima kabisa, mke wangu. Mwewe! Mafundi wangapi wanafumba jicho moja watie uzi kwenye sindano?”

“Sindano haina watoto arobaini na wawili.”

“Nageuza shingo. Nina vioo vitatu. Nina mama wa basi.”

“Mama wa basi anapiga bodi mara tatu. Siku moja atapiga mbili.”

“Miezi saba!” Sauti ikapanda, akairudisha chini kwa nguvu. “Miezi saba tu, mama. Miaka thelathini na mmoja sijamwaga damu ya mtu. Wanisimamie mistarini, waniimbie, niteremke kwenye lile basi kwa miguu yangu mwenyewe kama mwanamume. Unataka niondoke kama mwizi aliyekamatwa na kifuniko? Nimekuomba nini kingine maishani? Miezi saba!”

Akamtazama mkewe, na kwa kuwa alisimama kulia kwake, alimwona vizuri. Mama naye akamwona. Aliona nywele zilizokuwa nyeusi walipooana, sasa ni mvi tupu. Alimpenda. Hilo ndilo lililomfanya atake kukaa chini pale pale sakafuni alie. Lakini machozi, alijua, yangempa Breki kitu cha kufuta, akaacha kile cha kujibu.

“Kale katoto ka penseli,” akasema, “kana urefu kiasi gani kakiinama?”

Breki akaanza kuipangusa darubini kwa mkono wa shati.

“Mimi nimepima kwa Kisauti. Jana jioni nilimwambia aiokote penseli mbele yangu. Akiinama ananifika hapa.” Akagusa goti lake. “Breki, hapo hata mwenye macho mawili anahitaji Mungu. Wewe umemwachia Mungu kazi yote. Mficha maradhi, kilio humfichua, na hiki hakitakuwa kilio cha nyumba yetu peke yake. Nitakwenda kukaa kwenye baraza la mama wa mtoto wa watu, nimwambie nini? Kwamba nilijua? Kwamba tulikuwa tunangoja wimbo?”

“Hujui kama itatokea.”

“Na wewe hujui kama haitatokea. Ilikwisha kutokea Alhamisi, ikabaki penseli tu.”

Nje mtu alipiga honi, Breki akageuza shingo nzima kutazama, akajishika anavyogeuka, akaacha katikati.

“Jumatatu alfajiri,” mama akasema, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuagiza chumvi, “kabla hujawasha gari, mwalimu mkuu atakuwa amesikia. Kwa mdomo wako au kwa wangu. Ningependa iwe kwa wako. Nimekaa na wewe miaka thelathini na minne sijakutangulia mahali. Usinifanye nikutangulie huko.”

“Ungeniuza?”

“Ningekuuza mara saba kuliko kumzika mmoja.”

Breki alirudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa. Mwenye duka akatoka nyuma, miwani ya kichwani ameishusha, hana pa kuiweka mikono yake.

“Mzee wangu, nisamehe, duka ni dogo, nimesikia,” akasema. “Nikuambie kitu kimoja tu cha kazi yangu. Ukungu unaoanza pembeni na kuja katikati, mara nyingi ni presha ndani ya jicho. Lililokwenda halirudi. Lakini ukungu huo haupendi kukaa upande mmoja. Lililobaki linalindwa, kuna dawa, ila linalindwa mapema. Usingoje miezi saba. Hata wiki saba usingoje.”

Breki akamsikiliza kwa kichwa kilichoinama upande. Hakuna aliyejua kama maneno yameingia. Mwenye duka akasita, kisha akainama chini ya kaunta, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua. Ilikuwa darubini ndogo yenye bomba moja, ya jicho moja, imara, kioo chake cha mbele safi kama tone la maji. Hakueleza namba zake. Aliiweka juu ya kaunta kando ya ile ya macho mawili, akakichomoa kile kifuniko akakiacha hapo, akarudi nyuma.

Zikakaa pale, ya bomba moja na ya mabomba mawili, katikati yake kifuniko.

Breki aliitazama ile ya bomba moja kwa muda mrefu. Mama hakumsogelea, wala hakumhimiza. Midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo, maana alikuwa akimsemesha Mungu bila sauti, akimwomba asimwache mtu huyu akachagua kuondoka na siri yake. Aliona mkono wa Breki ukienda mfukoni. Aliujua mfuko huo. Basi lililala uani kwao, na kila Ijumaa ufunguo wake ulilala kwenye mfuko wa kulia mpaka Jumatatu, pamoja na wa nyumba, kwenye kipete kimoja chenye kiatu kidogo cha plastiki alichopewa na mtoto mmoja ambaye sasa alikuwa baba wa watu.

Akakitoa kipete kizima. Kwa kucha ya kidole gumba akakipanua kipete, akashindwa, akapanua tena. Ufunguo wa basi ukazunguka ukatoka. Akaupapasa ulivyochakaa pale unaposhikwa. Kile kiatu cha plastiki akakirudisha mfukoni pamoja na ufunguo wa nyumba.

“Huu,” akasema, “huu utampa mwalimu mkuu nikiwa nimesimama pale. Sitaki aukute mezani kama barua. Nitasema mwenyewe. Wewe ushike tu mpaka hapo, nisije nikabadilika usiku.”

Akauweka juu ya kaunta ya kioo, ukatoa mlio mdogo, akausukuma kwa kidole kimoja mpaka ukafika mbele ya mkewe. Kisha akageuka kwenye mlango. Siku zote alipita milango akiwa amekaza bega, akihesabu hatua, asijulikane kuwa haoni kushoto. Safari hii alinyoosha mkono wa kushoto mbele ya wote, akaupapasa mwimo wa mlango mpaka akaukuta, akatoka.